Mtoto anajikuna usiku kucha kwa mbu, ndimu na magadi vimenishinda. Nifanyeje?

Binti Uwemba

Habari zenu wapendwa. Naomba msinicheke, majirani wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni mzaliwa wa Njombe, kule juu karibu mita 2,000, ambako mbu akionekana ndani watu wanaitwa waje kumwona. Desemba nilipanda TAZARA pale Makambako na mwanangu wa miaka mitatu mgongoni, tukashuka Ifakara kumfuata baba yake, analima mpunga. Wa Ifakara mnajua. Kwa wasiojua, hili bonde la Kilombero likishajaa maji ya masika, jioni ukiuacha mlango wazi dakika mbili umekaribisha ukoo mzima. Si bure watafiti wa mbu wameweka taasisi yao hapa hapa mjini. Hawana haja ya kwenda mbali kutafuta.

Shida yangu si malaria. Tumempima mara mbili, hana. Shida ni muwasho. Akiumwa na mbu hapati kipele kidogo kama watoto wenzake wa mtaani. Panavimba kama sarafu ya shilingi mia, panakuwa pagumu, pana moto, na anajikuna mpaka damu. Saa nane usiku ndiyo saa yake. Anaamka analia, "Mama, nikune," nami namkuna kwa kiganja, kwa shuka, kwa khanga, mpaka na mimi nalia. Baba yake amelala. Yeye kazaliwa hapa, mbu akimuuma anampangusa kama vumbi. Nikimwamsha anasema neno moja, "Mtazoea," anageukia ukutani.

Sasa nieleze niliyokwisha kufanya ili msinirudishe huko huko.

Kwanza ndimu. Jirani wa upande wa kisima alisema kata ndimu, sugua, muwasho unakufa. Nikasugua asubuhi, mtoto akaruka, lakini kweli baada ya muda akanyamaza, akatoka kucheza juani. Kesho yake miguu ikatoka michirizi myekundu, halafu ikageuka ya kahawia, kama mtu aliyemwagikiwa na chai ya moto ikachuruzika. Ilifuata pale pale maji ya ndimu yalipopita, hadi kisiginoni, hata sehemu ambazo hakuna mbu aliyemuuma. Nikasema basi mbu wa huku wana sumu.

Pili magadi. Rafiki yangu aliyeko Dar alinipigia simu akasema chukua soda, koroga na maji, paka. Soda ninayoijua mimi ni magadi ya kuwekea makande. Nikasaga bonge, nikakoroga uji mzito, nikambandika juu ya vipele alivyokwisha kuvichubua. Jamani. Kile kilio nitakisikia nikiwa bibi kizee. Nilimmwagia ndoo nzima na bado analia.

Dawa ya meno nimepaka. Ubaridi wa muda mfupi, kisha ikakauka ikapasuka kama tope la kiangazi, akawa anakuna ule unga. Mate ya asubuhi kabla ya kupiga mswaki, nimefanya, sitaki tulizungumzie. Mafuta ya taa jirani mwingine aliniletea kwenye kizibo cha soda, nikamshukuru, alipoondoka nikayatia kwenye kibatari.

Jana nimeuziwa tyubu. Muuzaji ananiambia hii inatibu fangasi, mzio, chunusi, na inang'arisha. Niliposikia inang'arisha nikasita. Bado iko kabatini.

Kwa hiyo naomba kujua. Kitu gani cha nyumbani kinatuliza muwasho kweli, usiku, katika nyumba isiyo na friji? Hii michirizi ni nini? Na inakuwaje mtoto avimbe hivi na baba yake asivimbe, wakati mbu ni wale wale?

---

Kigoda Kimoja

Ngoja waje wataalamu. Ila mate ya asubuhi umenimaliza kabisa.

---

Dirisha la Dawa

Pole dada. Nina duka la dawa muhimu, mwaka wa tisa huu, na maelezo kama yako nayasikia kila masika. Nitaanza na swali lako la mwisho maana ndilo linalofungua mengine.

Mbu anayeuma ni jike. Kabla hajanyonya anatema mate kwenye ngozi, na mate hayo yana vitu vya kuzuia damu isigande. Mwili unayaona mate yale ni adui, unatoa kemikali inayoitwa histamini, na hiyo ndiyo inayovimbisha na kuwasha. Mtu aliyeumwa na mbu miaka na miaka, mwili wake unachoka kugombana na mate hayo. Mtoto mdogo aliyetoka kwenye baridi ndiyo kwanza ugomvi umeanza. Kwa hiyo mumeo hajakosea kusema mtazoea. Kakosea kulala.

Ile michirizi si sumu ya mbu. Ni ndimu na jua. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua. Ndimu peke yake isingefanya hivyo, jua peke yake lisingefanya hivyo. Ndiyo maana imefuata mchirizi ulipopita. Huchukua wiki, hata miezi kufifia, lakini hufifia yenyewe. Mkinge na jua, na usijaribu kuisugua itoke. Nakuomba sana, usijaribu.

Magadi. Rafiki yako alikusudia soda ya kuumulia keki, ya kwenye kopo dogo, bikaboneti. Magadi ya makande, haya yanayotoka Ziwa Natron na kule Magadi Kenya, yana kaboneti nyingi ndani yake, ni makali zaidi. Fikiria tu, kitu kinacholainisha mahindi makavu umekiweka kwenye kidonda cha mtoto. Ile ya keki ukiikoroga na maji kidogo ukaipaka kwenye ngozi nzima isiyochubuka, ukaiacha dakika kumi ukaosha, kuna wanaopata nafuu. Kwa hali ya miguu ya mwanao sasa hivi, hapana hata hiyo.

Dawa ya meno inapoza kwa sababu ya mentholi, na mentholi haipozi chochote, inaidanganya ngozi ihisi baridi. Tafuta baridi yenyewe. Na friji huhitaji, tafuta mtungi. Chovya kitambaa cha pamba kwenye maji ya mtungi, kamua, weka juu ya uvimbe dakika kumi, na huku unapepea kwa kipepeo cha jikoni. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Kitambaa kikipata joto, kirudishe. Usiku weka bakuli na kitambaa karibu na kitanda kabla ya kulala, usisubiri saa nane uanze kutafuta kibiriti.

Atakuja mtu hapa akwambie uchovye kijiko kwenye chai ya moto ukibandike kwenye kipele. Si uongo, joto kweli huua muwasho kwa muda, na vipo vifaa vidogo vinavyopasha ngozi kwa sekunde chache tu kwa nyuzi 50 hivi. Lakini kijiko hakina kipimo. Kwa mtoto wa miaka mitatu, usithubutu.

Dukani omba losheni ya kalamini, ile ya pinki. Tikisa chupa kwanza, paka kwa pamba, isiguse macho wala pale palipochubuka. Kama halali kabisa, ipo dawa ya mzio ya maji, setrizini, lakini kipimo hutegemea umri na uzito, apewe na mtu aliyemwona si mimi wa kwenye simu. Ile tyubu isome upande wa nyuma. Ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi kali, na kule kung'arisha walikokusifia ni madhara yake, ngozi inapauka na kuwa nyembamba. Usimpake.

Kata kucha zake leo. Fupi kabisa, na uzisugue kwa sabuni. Vidonda vingi ninavyoletewa havikuletwa na mbu, vimeletwa na kucha. Ukiona usaha, ukoko wa rangi ya asali, wekundu unaopanuka au homa, mpeleke kituo cha afya. Akivimba midomo au akianza kupumua kwa shida, hapo hakuna cha kitambaa wala mtungi, mnaondoka muda ule ule.

---

Bi Mkubwa wa Pangani

Hujambo mwanangu. Nimesoma nikakuhurumia, nikacheka kidogo, unisamehe.

Sisi huku mtoni tuna usubi. Hao mbu wenu wana adabu, angalau wanaimba kabla ya kuuma. Usubi wa mikokoni humwoni, humsikii, unashtukia miguu inawaka. Nimelea watoto sita na wajukuu siwahesabu, na dawa yangu ni shubiri. Lakini wengi wanaikosea. Wanakata jani wanasugua hapo hapo, kisha wanasema shubiri inawasha. Si shubiri, ni yale maji ya manjano yaliyo chini ya ganda, machungu, hayo ndiyo yanayowasha. Ulikate jani, ulisimamishe kwenye bakuli, kata kwa chini, liyamwage yote. Kisha ulioshe, ulimenye, uchukue ule ute mweupe kama yai bichi. Mama yangu alikuwa akishamenya anauweka kwenye kikombe, kikombe anakiegemeza na mtungi usiku kucha. Asubuhi umepoa kama umetoka barafuni. Mpake mtoto, uone atakavyokutazama.

Kabla ya magharibi mpake mafuta ya nazi miguuni, wala usiyapake kwa ubahili. Mbu hayamfukuzi, lakini usubi hunasa humo, na ngozi haikauki ikajipasua. Na kivumbasi kama kipo huko, choma majani yake mlangoni jua linapozama.

Mwarobaini wa kuogea sawa, chemsha majani, yapoe, umwogeshe. Ila mafuta ya mwarobaini mtoto asinyweshwe hata tone, atakayekwambia ni dawa ya tumbo mfukuze. Yameshadhuru watoto.

---

Jirani wa Mlolongo

Salamu kutoka Kenya. Nilipoona neno michirizi nikashtuka, nikadhani ni kale kadudu ketu. Mvua ikinyesha sana huku hutokea kadudu kembamba, kekundu na keusi, kanaitwa Nairobi fly. Hakaumi na hakadungi. Shida ni wewe mwenyewe, kanatembea kwenye shingo unakaponda, na yale maji yake ndiyo yanayokuchoma. Husikii kitu siku hiyo. Siku ya pili unaamka na mstari mwekundu, halafu malengelenge. Mimi nilikaponda kwenye shingo mwaka wa 2019 ile mvua ya mwisho wa mwaka, ofisini wakadhani nimechomwa na pasi.

Ukikaona kwenye mwili, kapulize tu kaende. Kama umekaponda, osha na maji na sabuni mara moja, na usiguse macho na mkono huo. Taa ya nje izime usiku maana kanafuata mwanga.

---

Dirisha la Dawa

Mkuu wa Mlolongo, umefanya vizuri kukataja, hata kwetu kapo. Alama yake nayo hufanana sana na ya ndimu, nyekundu, halafu nyeusi. Tofauti hapa ni kwamba dada alipaka ndimu kwa mkono wake na mchirizi ukashuka hadi kisiginoni.

---

Nesi Asiyestaafu

Binti, mkague katikati ya vidole vya mikono, kiunoni na kwapani. Na wewe unawashwa usiku? Mumeo je? Kama muwasho uko sehemu hizo na nyumba nzima mnajikuna, huo ni upele, si mbu, na mtungi hautausaidia. Mtapewa BBE, dawa ya maji ya kupaka upele, mpake wote kwa pamoja siku ile ile, na nguo na mashuka mfue kwa maji ya moto. Kama vipele vimejipanga mstari vitatu vinne, inua godoro utafute kunguni.

---

Binti Uwemba

Asanteni, sikutegemea. Nesi, nimemkagua sasa hivi kwa tochi ya simu. Katikati ya vidole safi, kiunoni safi. Sisi wakubwa hatuwashwi. Godoro nimelinua, nimekuta kijiko changu kilichopotea tangu Januari, kunguni hakuna.

Ile tyubu nimeisoma. Ni clobetasol. Imo kwenye shimo la choo.

---

Mzee wa Dungu

Binti, mimi nalima upande wa Mngeta. Nina swali moja tu. Vipele vingi viko mguu upi?

---

Binti Uwemba

Shikamoo mzee. Mbona swali la ajabu. Ngoja nimfunue.

Kushoto. Mzee, karibu vyote viko kushoto. Goti, ugoko, kifundo, na mkono wa kushoto kuanzia kiwiko. Mguu wa kulia vitatu tu. Sikuwahi kugundua.

---

Mzee wa Dungu

Marahaba mwanangu.

Mtoto analala pembeni, sivyo? Na kushoto kwake ndiko chandarua kilipo.

Miezi ya kulinda ndege sisi huhamia shambani, tunalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo. Kitanda chembamba, chandarua kinakuminya kama gunia. Mgeni wa dungu unamjua asubuhi, goti moja zima na lingine limejaa vipele kwa sababu limelala limeegemea chandarua. Mbu haingii ndani, hahitaji. Anakaa nje anapitisha mdomo kwenye tundu. Chandarua kinakulinda kisipokugusa, kikikugusa ni nguo tu.

Mlaze katikati. Chandarua kichomeke chini ya godoro pande zote, na ukikifunga juu ukitanue, kisining'inie kama shati kwenye msumari. Ubao au mto mrefu kati ya mtoto na chandarua nao unasaidia. Hayo ya shubiri na mtungi ni mazuri, siyapingi, lakini unakausha maji huku bomba linamwaga.

---

Kigoda Kimoja

Mzee kafunga mjadala kwa swali moja. Mimi nilikuwa nimekuja na habari ya kitunguu saumu.

---

Dirisha la Dawa

Kitunguu saumu ubaki nacho kwenye mchuzi. Nimeona mguu uliofungiwa kitunguu saumu kilichopondwa usiku kucha, asubuhi malengelenge kama wa kuungua na mafuta.

---

Binti Uwemba

Narudi baada ya siku tisa.

Kucha nilikata usiku ule ule. Kitambaa cha mtungi kimefanya kazi kuliko chochote nilichowahi kupaka, ila siri iko kwenye kupepea, bila kupepea ni kitambaa cha maji tu. Usiku wa kwanza nilibadilisha mara nne. Wa pili mara mbili. Mtoto kajifunza, akiwashwa hasemi tena "nikune", anasema "mama, maji". Shubiri niliipata kwa jirani yule yule wa ndimu, nikamsimamishia jani kwenye bakuli mbele ya macho yake, akanitazama kama mchawi. Yale maji ya manjano yalijaa kijiko kizima. Bi Mkubwa, ute nimeulaza kando ya mtungi kama ulivyoniambia, asubuhi mtoto alipopakwa alifumba macho.

Kalamini natumia mchana, kwenye vile visivyochubuka. Anatembea mtaani na madoa ya pinki, wenzake wanataka na wao wapakwe.

Pale nilipobandika magadi pamepona pakabaki alama mbili. Michirizi ya ndimu bado ipo, nimemshonea suruali nyepesi ya kitenge ya kuvaa mchana, na jioni inamkinga na mbu pia.

Sasa chandarua. Nilikitandaza asubuhi nikakuta tundu la kuingia kidole karibu na pindo, nikalishona. Kisha nikakipandisha kwenye kenchi kwa kamba nne badala ya moja, kikawa kama chumba. Mtoto nikamhamishia katikati. Tangu hapo nimehesabu vipele vipya vitano kwa siku zote hizi, na vyote vya jioni nje, si vya kitandani. Analala mpaka alfajiri.

Ila kitanda ni cha futi nne. Mtoto akiwa katikati, lazima mtu mmoja aegemee chandarua. Nimempa baba yake upande ule wa kushoto. Juzi asubuhi nimemwona anajikuna kiwiko.

Nikamwambia atazoea.